Kumchagulia Kijana Metronomi



Jioni moja mama mmoja wa Mji Mkongwe alinijia nyumbani, mkononi ana karatasi ndogo aliyoandikiwa na mwalimu wa fidla wa binti yake. Maneno yaliyokuwamo yalikuwa machache: mtoto atafutiwe metronomi kabla ya kwisha mwezi. Mama yule alikuwa amekwisha kuzunguka maduka mawili. La kwanza hawakujua ataka nini. La pili walimwonyesha kitu cha mti mfano wa mnara mdogo, kisha kitu cha plastiki kidogo kama kiberiti, kisha kijana wa dukani akatoa simu yake mfukoni akasema metronomi imo humo pia. Vitu vitatu visivyofanana hata kidogo, na vyote vikaitwa jina moja.

"Maalim," akaniambia, "fedha niliyo nayo ni ya kununua mara moja. Nikikosea, sina ya pili. Na mwanangu mwisho wa muhula atapiga mbele ya watu."

Siku ile nilimjibu kwa kifupi. Tangu hapo wazazi wengine wameniuliza swali lilo hilo, basi nimeona yafaa kulieleza polepole, wapate kulisoma na kulifikiri kabla ya kufungua mfuko.

Kwanza tujue chombo chenyewe. Metronomi ni chombo kipigacho sauti fupi, kama tone la maji liangukalo juu ya bati, kwa vipindi vilivyo sawasawa, bila kuharakisha wala kulegea. Juu yake pana nambari. Ukiiweka katika 60, itapiga mara sitini kwa dakika, ndiyo kusema pigo moja kwa kila sekunde. Ukiiweka katika 120, itapiga mara mbili kwa sekunde. Mtungaji akiandika nambari juu ya karatasi ya wimbo wake, mpigaji aliye mbali naye, hata akiwa nchi nyingine, ajua mwendo aliokusudia.

Kilichoanza habari hii ni chombo kilichotengenezwa Amsterdam mwaka 1814 na fundi aitwaye Dietrich Winkel. Mwaka uliofuata Johann Maelzel, mtu hodari wa mitambo na hodari zaidi wa biashara, aliichukua njia ya Winkel, akaongeza ubao wa nambari, akajipatia hati ya kukimiliki chombo, na hata leo ni jina la Maelzel lijulikanalo, la Winkel walijua wachache. Mwaka 1817 Beethoven alitangaza kwa nambari za Maelzel mwendo wa simfoni zake. Nambari nyingine zilikuwa za kasi hata wapigaji wa Ulaya wangali wanabishana juu yake mpaka leo, na wengine wamedhani metronomi yake ilikuwa mbovu. Basi mzazi asione haya kwamba chombo hiki chamtatiza. Kimewatatiza watu wakubwa.

Huenda mtu akauliza, Je, wazee wetu walikuwa na metronomi? Chama cha Ikhwan Safaa kilianzishwa hapa Unguja mwaka 1905, na Culture mwaka 1958, nao wamepiga taarabu mbele ya watu miaka hii yote. Ni nani kati ya mabwana wale wa kwanza aliyejifunza udi kwa kusikiliza kijisanduku kikilia juu ya meza? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo litakalotusaidia kuchagua.

Kijana wa zamani hakujifunza peke yake. Alikwenda chamani usiku, akaketi nyuma ya wakubwa, na mbele yake alikuwapo mpiga dumbak na mpiga rika. Akikosea mwendo, dumbak haikumngoja. Ilimpita, naye akajua amekosea kabla hajaambiwa. Kwa mwaka mmoja au miwili alikuwa amelitia pigo lile mwilini mwake. Kijana wa leo njia yake ni nyingine. Asubuhi yuko shuleni. Alasiri mara mbili kwa juma aenda kwa mwalimu wake, pengine katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofungua milango yake hapa mjini mwaka 2002. Na siku nyingine zote hujizoeza chumbani mwake, juu ghorofani, yeye na fidla yake na kuta nne. Hana dumbak. Pasipo dumbak, hukimbia mahali parahisi na kuzorota mahali pagumu, tena hajui, maana mkono unaposhughulika sikio husahau kuhesabu.

Basi metronomi ni mpiga dumbak wa kuazima. Ukikumbuka neno hilo moja hutadanganyika dukani. Ungemwajiri mpiga dumbak, ungetaka nini kwake? Asikike juu ya sauti ya kijana, asichechemee, aweze kwenda polepole sana pasipo kuchoka, apige mdundo utakiwao na si mwingine, na akiambiwa anyamaze, anyamaze. Uzuri wa kanzu yake si kitu.

Nataka sasa nitaje hivyo vitu vitatu, na cha nne ambacho dukani hawakumwonyesha mama yule kwa sababu hakiuzwi.

Ule mnara wa mti ndio metronomi ya Maelzel yenyewe. Ndani mna kamani kama ya saa, nayo hutiwa ufunguo. Mbele pana fimbo nyembamba ya chuma ibembeayo kulia na kushoto, na juu ya fimbo pana kizito kidogo: ukikipandisha mwendo hupungua, ukikishusha huongezeka. Nambari zake kwa desturi huanza 40 na kuishia 208. Kwa macho ni nzuri kuliko zote, na mtoto hufaidika kuiona fimbo ikienda, maana huliona pigo linakuja kabla halijafika, kama aonavyo mkono wa mpiga ngoma ukiinuka. Sauti yake ni kavu na yasikika vema. Tena haitaki umeme wala betri, na sisi wa Unguja tunajua maana ya hayo: mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme, na tangu Desemba 2009 hata Machi 2010 karibu miezi mitatu.

Walakini nina kisa juu ya mnara huu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Miaka iliyopita nilimnunulia kijana mmoja, mpigaji wa ganuni, metronomi ya namna hii iliyokwisha kutumika. Dukani niliiweka juu ya meza ya kuuzia, ikapiga vizuri, nikalipa nikaondoka. Kijana akaipeleka kwao Mji Mkongwe, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, akajizoeza nayo kwa bidii majuma saba. Siku aliyoketi na wenzake mzee wa dumbak alimsikiliza kidogo, akasimamisha mkono, akasema, "Kijana huyu anachechemea." Na kweli alichechemea. Alipiga pigo moja refu na moja fupi, refu na fupi, kama mtu mwenye mwiba mguuni. Nilikwenda kwao, nikaisikiliza ile metronomi pale dirishani, nayo yachechemea vile vile: tik, tak-tik, tak.

Ubaya haukuwa wa duka. Metronomi ya kubembea yataka mahali palipo sawa. Ikiinama upande mmoja, fimbo hukawia upande huo na kuharakisha upande wa pili. Na nani asiyezijua nyumba zetu za mawe? Sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko, boriti zimepinda kwa miaka mia na zaidi, na kizingiti kile mwashi alikipaka chokaa kwa jicho, si kwa pima maji. Nilitia kipande cha karatasi kilichokunjwa chini ya pembe moja, chombo kikatengemaa palepale. Kijana hakutengemaa palepale; ilimchukua muda mrefu kuliko alivyochukua kujifunza kosa, na kiti alichotazamia katika kundi kikapewa mwingine muhula ule. Kwa hiyo nasema: ukinunua mnara, usiuamini kwa kuwa ulipiga sawa dukani. Uweke mahali utakapokaa, fumba macho, sikiliza mapigo ishirini. Sikio lililotulia halikosi kuusikia mguu mbovu.

Neno la pili juu ya mnara ni hewa yetu. Upepo wa bahari una chumvi, na wakati wa masika kuta za chokaa hutoa unyevu hata nguo kabatini huota ukungu. Kamani na magurudumu yake ni chuma. Usipoufunika kwa kitambaa, wala usipouweka mbali na dirisha la baharini, kutu itaingia, na fundi wa saa aliye hodari haonekani tena kila mtaa kama zamani. Kwa mtoto aanzaye, kwa nyumba iliyo karibu na bahari, na kwa mfuko mdogo, mimi siusifu. Ni chombo cha mwalimu, mwenye chumba cha kufundishia na meza isiyoondoshwa.

Cha pili, kile cha plastiki, hakina fimbo wala kamani. Ndani yake mna kijiwe cha kwatsi, namna ile iliyomo katika saa za mkononi, ambacho katika saa nyingi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Chombo huhesabu mitetemo hiyo na kulia kila ifikapo hesabu yake. Hakichechemei hata ukikitundika kichwa chini. Betri yake ndogo hudumu muda mrefu. Wengi wangefaa kununua hiki, lakini hapa pia kuna kuchagua, wala bei haikuonyeshi.

Kwanza sauti. Vingine hulia kwa sauti nyembamba kama ya mbu, nayo humezwa mara moja na fidla, maana fidla iko chini ya sikio la mpigaji. Kwa udi chombo hafifu chaweza kutosha. Kwa kodiani hakitoshi. Kwa dumbak hakifai kabisa. Basi mpeleke mtoto dukani pamoja na ala yake, apige kwa nguvu zake zote, na metronomi ilie kando. Asipoisikia, irudishwe. Muuzaji akikataa ala kupigwa dukani mwake, nenda duka jingine. Au tazama kama pana tundu la kutia kisikilizio cha sikioni. Kisikilizio kimoja sikio la kulia hutosha, na majirani watakushukuru, kwa kuwa katika vichochoro vyetu dirisha la mtu latazamana na kitanda cha mwingine.

Pili nambari. Vyombo vingine vina zile hatua za Maelzel tu, yaani 60, 63, 66, 69, 72, kisha 76, 80 na kuendelea, tena vikifika juu huruka nane nane. Vingine hukupa kila nambari. Kwa mtoto anayepandisha mwendo kidogo kidogo, kile cha kila nambari ni bora, maana toka 144 hata 152 ni kuruka mtaro. Tatu, kiwe na gurudumu la kuzungusha au vifungo vikubwa. Nimeona vyombo vyenye kifungo kimoja chenye kazi tano; mtoto hutumia nusu ya saa yake akitafuta 80.

Vingine huunganishwa na kifaa cha kupatanisha nyuzi. Hicho chafaa mwenye fidla. Mwenye ganuni au udi akumbuke kwamba vifaa hivi kwa kawaida huonyesha sauti kumi na mbili za Ulaya, na katika maqamu za Kiarabu zimo sauti zilizo katikati ya hizo, ambazo mshale utasema ni makosa. Usilipe zaidi kwa ajili ya mshale utakaombishia mwalimu.

Cha tatu ni simu. Nitasema wazi: kwa usahihi wa mapigo, programu ya simu haipungukiwi na chombo cho chote, na nyingi hutolewa bure. Huweka mkazo juu ya pigo la kwanza, hugawanya pigo mara mbili au mara tatu, na nyingine huweza kunyamaza kwa muda na kulia tena, ambalo ni zoezi kubwa, nami nitalirudia. Mzazi aliye na simu tayari hana haja ya kununua kitu leo. Shida ya simu haimo katika pigo. Shida ni kwamba mpiga dumbak huyu ana marafiki mia, na wote wanabisha hodi wakati wa kazi. Mtoto hufungua simu atafute 72, hukuta salamu ya shangazi, akajibu, akatazama picha, na fidla imelala juu ya kitanda. Kama simu ni ya mama, mama aizime mtandao, aiweke juu ya kabati mahali mkono wa mtoto usipofika, mwendo ukiwa umekwisha kupangwa. Na betri iwe imejaa, la sivyo nusu ya zoezi itapigwa kwa kimya.

Sasa cha nne, nacho ndicho nilichompa mama yule jioni ile, na gharama yake ni uzi na jiwe.

Mwashi anayo timazi, uzi wenye kizito chini, apate kujua ukuta umesimama sawa. Ukiivuta timazi kidogo upande mmoja na kuiachia, hubembea, na kila mpito, toka upande huu hata upande ule, huchukua muda ulio sawa. Jiwe liwe zito au jepesi, haidhuru. Likibembea kidogo au likizidi kidogo, tofauti haisikiki. Kinachoamua mwendo ni urefu wa uzi peke yake. Jambo hili lilijulikana Ulaya kabla ya Maelzel. Mfaransa mmoja, Étienne Loulié, alieleza katika kitabu mwaka 1696 jinsi ya kupima mwendo wa muziki kwa uzi wa namna hii.

Pima toka msumari hata katikati ya jiwe. Uzi wa sentimita 99 hutoa mwendo wa 60. Sentimita 69 ni 72. Sentimita 56 ni 80. Sentimita 44 ni 90. Sentimita 36 ni 100. Sentimita 25 ni 120. Ukitaka mwendo wa pole sana, 50, utahitaji sentimita 143, na dari zetu zaruhusu. Angalia ajabu moja: ili mwendo uwe maradufu, toka 60 hata 120, hupunguzi uzi nusu yake, bali waacha robo tu. Mtoto aliye katika hesabu za shule na apewe kazi ya kutafuta kwa nini.

Wasomaji wapendao habari za dunia watafurahi kusikia kwamba uzi wa Unguja si sawa na uzi wa London. Mwaka 1672 Jean Richer alichukua saa toka Paris hata Cayenne, mji ulio karibu na mstari wa ikweta kama sisi tulivyo, akaona saa yake yakawia, ikampasa kuifupisha timazi. Sababu ni kwamba huku nguvu ya dunia ya kuvuta vitu chini ni hafifu kidogo. Kwa mwendo wa 60 tofauti ya London na Unguja ni kama milimita tatu. Hakuna fidla itakayoijua.

Nyumba ya Mji Mkongwe yafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu boriti ziko wazi darini. Mama yule alipigilia msumari katika boriti, akafunga uzi imara usiovutika, chini akatia kokoto nzito ya bahari ndani ya kitambaa. Uzi wa kofia haufai, maana hujisokota. Uzi wa mshipi wa kuvulia ni mzuri. Shamba, huko Bububu au Makunduchi, tawi la mwembe ni boriti ya kutosha, ila upepo utaisumbua alasiri.

Upungufu wa uzi ni mmoja: hautoi sauti. Mtoto sharti autazame. Lakini kwa mtoto aanzaye mimi nimeona upungufu huu ni faida, kwa sababu kabla ya kupiga ala yake humpasa aimbe na kupiga makofi pamoja na jiwe, na pigo ambalo umelitoa kwa makofi yako mwenyewe hukaa kuliko lile ulilopigiwa. Akiwa amelishika, ndipo ageuke, aupe uzi kisogo, apige fungu moja la wimbo, kisha ageuke tena atazame kama bado wako pamoja.

Na kuna somo moja ambalo uzi walifundisha kuliko chombo cha dukani. Katika chakacha, na katika nyimbo nyingi za taarabu zilizochota midundo ya ngoma za pwani, mapigo mepesi sita huhesabiwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Mmoja huyagawa tatu na tatu, akapata mapigo makubwa mawili. Mwingine huyagawa mbili mbili, akapata matatu. Mguu wa mchezaji uko kwa mawili, na mkono wa mpiga ngoma mara uko kwa matatu. Hapa ndipo vijana waliofundishwa kwa karatasi peke yake huangukia. Huiweka metronomi ilie mara sita, kila pigo jepesi sauti yake, nao huifuata kama mtu anayehesabu mbegu za choroko, wakapata mapigo yote na kuukosa mchezo.

Basi tundika nyuzi mbili juu ya boriti moja, mmoja wa sentimita 99, mwingine wa sentimita 44. Mrefu hupita mara mbili wakati mfupi unapopita mara tatu. Ziachie pamoja toka upande mmoja, utazame: huanza pamoja, huachana, hukutana tena, huachana, bila kuchoka, mpaka kubembea kunapofifia. Mtoto apige makofi na uzi mrefu, mwenzake na mfupi, kisha wabadilishane. Nimeyaona macho ya mtoto wa miaka tisa yakifunguka kwa nyuzi hizi baada ya mwalimu kumweleza kwa maneno mwezi mzima. Na akinunua chombo baadaye, mwambieni akiweke kilie mara mbili tu katika kila mapigo sita, si mara sita. Hayo manne yaliyobaki ayajaze mwenyewe.

Nimefika sasa kwenye matumizi, nami nitasema machache, maana kila mwalimu ana njia yake. Kupata nambari ya wimbo usioandikwa, kama nyimbo zetu nyingi zilivyo, sikiliza wapigaji, hesabu mapigo kwa sekunde kumi na tano, zidisha kwa nne. Jihadhari na santuri za kale. Siti binti Saad alisafiri hata Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na sahani zile zilitengenezwa zizunguke kama mara 78 kwa dakika. Walakini mashini zetu na nakala zetu hazikuwa na mwendo mmoja. Santuri ikizungushwa haraka, wimbo hukimbia na sauti hupanda pamoja. Kwa hiyo ukiona nambari ni kubwa mno, jaribu kwanza sauti kwa udi uliopatanishwa, usije ukamhukumu marehemu kwa kosa la mashini.

Kisha usianze kwa nambari uliyoipata. Anza chini, mahali ambapo kijana hupiga bila kosa hata mahali pagumu. Kama wimbo ni wa 100, pengine huko ni 60. Akipiga mara tatu safi, pandisha nne. Akikosea, shuka nne, bila karipio. Watoto hupenda kuficha kushuka, mzazi asiulize "Umefika ngapi?" kila jioni, maana ataletewa nambari na si wimbo. Baada ya majuma machache, mwache asikie pigo moja katika kila mawili, kisha moja katika kila manne. Zile programu zinyamazazo na kulia tena ni za zoezi hili. Pigo likirudi na kumkuta yupo, chombo kimeanza kumaliza kazi yake.

Tena pana mahali ambapo chombo sharti kizimwe. Taksim haina pigo. Mpiga udi au ganuni huenda kama aongeavyo mtu mwenye habari nzito, akasimama atakapo. Nimemsikia kijana akipiga taksim huku metronomi yalia kando, na sikujua nicheke au nilie. Bashraf itapigwa nayo vizuri wakati wa kujifunza. Mwimbaji naye huvuta neno nyuma ya pigo na kulipata mbele, na wapigaji humngoja pale ambapo utamu upo. Hayo hujifunzwa chamani kwa watu, si chumbani kwa kijisanduku. Ndiyo maana nawasihi wazazi wasidhani kwamba wakinunua metronomi wamekwisha kumpa mtoto dumbak. Mpelekeni pia mahali palipo na dumbak yenyewe, hata kama ni kuketi nyuma na kusikiliza.

Mama yule alitumia uzi wake miezi mitatu, pamoja na simu iliyowekwa juu ya kabati. Mtoto alipiga mwisho wa muhula, akaharakisha kidogo katika ubeti wa pili kwa hofu, akarudi. Mwezi uliofuata mama alinunua kile cha plastiki, chenye gurudumu la kuzungusha, baada ya kumpeleka binti dukani na fidla yake na kukataa viwili visivyosikika. Nilipopita kwao juzi niliona msumari ungali katika boriti na kokoto ingali inaning'inia. Mdogo wake wa miaka saba ameanza rika, naye hataki kile cha plastiki, asema hakibembei.